Mapigo ya Moyo na Siri ya Ukoo

Katika Butiama, mkoani Mara, pana mahali paitwapo Mwitongo. Kwa Kizanaki neno hilo lina maana ya mahame, yaani mahali palipokuwa na makazi ya watu wa zamani. Hapo alizikwa Mtemi Burito, na hapo alizikwa pia mwanawe, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, mwaka 1999. Inasimuliwa kwamba mtemi huyo aliitwa Nyerere kwa sababu alizaliwa mwaka ambao viwavi waliivamia nchi. Hivyo jina la wadudu wa mwaka mmoja likawa jina la ukoo, likawafikia wana na wajukuu ambao hawakupata kuwaona viwavi hao. Hawakulichagua, wala hapana awezaye kuwalaumu kwa kulichukua.

Urithi wa jina ni rahisi kuukubali, na mara nyingi hata twajivunia. Urithi wa mwili hutuwia mgumu zaidi. Iwapo moyo wa mzazi una kasoro katika mapigo yake, je, kasoro hiyo yaweza kumfikia mtoto? Na ikiwa yaweza, ni nani mwenye haki ya kuificha?

Swali la kwanza lina jibu katika elimu ya uganga. Moyo hupiga kwa nguvu ya umeme mdogo unaozaliwa ndani yake wenyewe na kupita katika misuli kwa utaratibu. Utaratibu huo ukivurugika, moyo huenda mbio, au hulegea, au hutetemeka tu pasipo kusukuma damu. Kwa watu wazima aghalabu chanzo huwa ni umri au shinikizo la damu, na hayo hayamfikii mtoto kama jina limfikiavyo. Lakini zipo kasoro zinazopita katika chembe za urithi. Mwaka 1957, huko Norway, waganga Jervell na Lange-Nielsen waliandika habari za nyumba moja yenye watoto sita. Wanne kati yao walikuwa viziwi tangu utotoni na walikuwa wakizimia. Watatu walikufa ghafla wangali wadogo. Wazazi wao walikuwa wakisikia vizuri. Kila mmoja wao alikuwa amebeba nusu ya kasoro bila kujua, na watoto hao wakaipokea kutoka pande zote mbili. Watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wanaufahamu mwendo huo katika ugonjwa wa selimundu. Tena zipo aina nyingine ambazo mzazi mmoja atosha: kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kuipokea kasoro.

Ubaya wa kasoro hizi ni kwamba mtoto huonekana mzima. Anakula, anasoma, anacheza. Kisha siku moja anakimbia, au anashtushwa na sauti ya ghafla, au anaogelea, naye anapoteza fahamu. Kuogelea hasa kunajulikana kuichochea aina moja ya ugonjwa huu. Kwa watu wa Musoma, ambao watoto wao hukulia ufukoni, jambo hili si dogo. Mtoto ajuaye kuogelea akizama katika maji matulivu, ni rahisi kusema amechukuliwa na mzimu wa ziwa, au kwamba pana mkono wa mtu. Pengine ni moyo uliovurugika. Na pengine mdogo wake aliye hai anao moyo wa namna ile ile. Watu wakiisha kuanza kumsaka mchawi, hapana amtazamaye mdogo huyo.

Hata hivyo, hofu ya damu nayo hupofusha. Watoto wengi wa nchi yetu wanaougua moyo hawakuurithi ugonjwa huo. Wapo walioanza kwa mafindofindo yasiyotibiwa, ikafuata homa yenye maumivu ya viungo, homa hiyo ikaharibu vali za moyo, na baada ya miaka mapigo yenyewe yakavurugika. Ndugu wawili wakipatwa, majirani watasema ni ukoo. Kumbe yawezekana walilala chumba kimoja wakaambukizana. Penisilini ingaliweza kuwaokoa.

Sasa tulitazame swali la pili. Katika desturi za makabila yetu mengi, posa haikubaliwi kabla wazee hawajaulizia habari za ukoo. Kuzimia hudhaniwa kuwa kifafa, na kifafa huvunja uchumba. Basi mwenye binti azimiaye huficha, akisema kuwa mwili ni wa binti yake na aibu ni ya nyumba yake. Hoja hiyo hatuidharau, maana ugonjwa wa mtu si habari ya barazani. Lakini mzee aachaye ng'ombe huwaambia wanawe pia madeni yaliyofungamana na ng'ombe hao, asije mdai akawakuta hawana habari. Aliyemwona baba yake akianguka shambani na kufa angali kijana, kisha akanyamaza, amewarithisha watoto deni bila kuwaambia. Siri hiyo haikuwa yake peke yake.

Wanaouliza nao wana lawama yao. Ni kule kuuliza kwa nia ya kukataa kulikowafundisha watu kuficha. Afadhali swali liulizwe nyumbani, mapema, tena pande zote mbili, kwa mama kama kwa baba, kwa nia ya kutibu. Kipimo cha umeme wa moyo hakina uchungu, na huchukua dakika chache. Wengi wa wagonjwa hawa husaidiwa na vidonge vya kila siku. Wachache huhitaji betri ya moyo, kazi ifanywayo na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Twajua kwamba kutoka Butiama hadi huko ni mbali na nauli ni nzito. Kuuliza hakuna nauli.

Mwalimu naye anayo nafasi ambayo mzazi hana. Mwanafunzi alegeaye baada ya kusimama sana juani mstarini, mara nyingi kivuli na maji humtosha. Aangukaye ghafla katikati ya mchakamchaka ni jambo jingine. Huyo asiitwe mvivu wala mwoga. Apelekwe hospitali, na mzazi wake aitwe faraghani aulizwe kama katika ukoo, kwa baba au kwa mama, yupo aliyepata kuanguka hivyo, au aliyekufa ghafla akiwa kijana.