Je, Uwongo wa Ndoa Hufutwa na Miaka?



Katika Ituri yetu jamaa nyingi zina ndugu waliokimbia vita, wakavuka Ziwa Albert na kukaa kambini Kyangwali, katika nchi ya Uganda. Wengine walipokelewa baadaye katika nchi za mbali, kama Marekani. Kwa hiyo swali hili latuhusu: Mtu akifunga ndoa ya uwongo ili apate tu karatasi za kukaa ugenini, na miaka mingi ikapita pasipo kugunduliwa, je, kosa lake limekwisha?

Tutazame kwanza sheria ya serikali. Sheria ya uhamiaji ya Marekani huipa serikali miaka 5 ya kufuta ruhusa ya kukaa iliyotolewa pasipo haki. Miaka hiyo ikipita, je, mtu aweza bado kufukuzwa? Mahakama za nchi ile zimehitilafiana. Lakini aliyeonekana kwamba alifunga ndoa kwa hila, sheria yamkatalia ombi la karatasi kwa njia ya ndoa nyingine, hata hiyo ya pili ikiwa ya kweli. Na katazo hilo halikuwekewa mwisho wa miaka.

Kwa nini sheria huweka mpaka wa miaka? Kwa sababu mashahidi hufa, karatasi hupotea, na watoto wasio na kosa wamekwisha kuzaliwa. Mpaka huo ni wa busara. Lakini tufahamu vema: humzuia hakimu asihukumu, haugeuzi uwongo kuwa kweli.

Fikirini muhogo mchungu. Uacheni udongoni mwaka mmoja au miwili: hautakuwa mtamu kwa sababu ya kukaa. Ulowekeni majini siku kadhaa, nao utafaa kuliwa. Si miaka iliyoutengeneza, bali maji na kazi ya mikono.

Ndivyo ilivyo ndoa. Eklezia hufundisha kwamba ndoa hufanywa na ukubali wa mume na mke. Kadiri ya kanuni 1101 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, anayetamka ukubali kwa kinywa, huku kwa nia yake akiikataa ndoa yenyewe, hafungi ndoa. Na kanuni 1643 yaonyesha kwamba mashauri juu ya hali ya watu, kama vile ndoa, hayafungwi kabisa. Miaka 20 ya kimya haitoshi kumfanya mtu kuwa mume.

Labda mtu atasema: «Nimemwumiza nani?» Labani alipomdanganya Yakobo, akampa Lea mahali pa Rakeli, Lea ndiye aliyebeba uchungu wa kutopendwa. Vivyo hivyo ndoa ya karatasi huumiza mwanamke aliyetumiwa kama daraja, na mtoto asiyejua ukweli wa nyumba yao. Humwumiza hata mkimbizi mwenye ndoa ya haki, ambaye sasa hutazamwa kwa shaka.

Lakini tusimhukumu jirani upesi. Mtu aweza kupenda kwa kweli na tena kupata karatasi kwa sababu ya ndoa yake. Faida iliyofuata si hila. Hila ni kusema «nakubali» pasipo kukubali.

Je, aliyeanza vibaya hana tumaini? Analo. Kanuni 1159 yafundisha kwamba aliyekosa ukubali aweza kuutoa leo, ikiwa ukubali wa mwenzake ungali upo. Basi asingojee miaka impite. Amwendee padri, amweleze yote, aonyeshwe njia ya kuitengeneza ndoa. Pengine kusema kweli kutamgharimu mbele ya serikali. Jambo hilo ni zito, wala tusimdanganye kwamba ni jepesi. Hata hivyo ndoa yake itapata msingi ambao miaka peke yake haikuweza kuujenga.

Nanyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo, mtaulizwa habari za ndoa zenu. Jibuni kweli tangu siku ya kwanza.