Ezra Bila Askari, Nehemia Pamoja Nao: Je, Mwamini Anunue Bima ya Safari?

Soma kwa ajili ya somo hili: Ezra 8:21–34, Nehemia 2:1–9, Kumbukumbu la Torati 22:8, Mathayo 4:5–7, Matendo 27:21–44, Wagalatia 6:2–5, Yakobo 4:13–15.

Wazo kuu: Kabla familia haijaamua kusafiri bila bima kwa sababu inamtegemea Mungu, na ijiulize ni nani atakayebeba mzigo endapo tatizo litatokea.

Chukua mfano wa familia moja ya washiriki kutoka Mwanza. Kwa miaka miwili baba na mama wameweka akiba ili likizo ya Desemba waende Durban, Afrika Kusini, anakofanya kazi kijana wao wa kwanza. Watasafiri watano: wazazi, watoto wawili, na bibi mzaa baba, mwenye miaka 71, ambaye hajawahi kupanda ndege na humeza dawa za presha kila asubuhi. Zaka imetolewa, nauli imelipwa, na safari imeombewa katika ibada ya jioni. Kisha wakala wa tiketi anauliza swali la mwisho: je, watahitaji bima ya safari? Bei anayoitaja inakaribia ada ya shule ya muhula mmoja ya mtoto mdogo.

Baba haoni haja. "Tumeshaomba," anasema. "Tukilipa tena watu watulinde, maombi yetu yalikuwa ya nini?" Mama, ambaye ni muuguzi, habishani naye juu ya maombi. Anauliza jambo moja tu: "Mama akizidiwa kule ugenini, hospitali atailipa nani?" Baba anajibu haraka: "Ndugu wapo. Kanisa lipo."

Katika safari nyingine swali hili halipo. Anayeomba viza ya Schengen ili aingie nchi kama Ujerumani au Ufaransa hutakiwa kuonyesha bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Zanzibar nayo, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, huwatoza wageni kutoka nje ya nchi dola 44 za bima. Hapo mwamini hutii utaratibu wa nchi (Warumi 13:1). Shida iko pale sheria inaponyamaza na kuiachia dhamiri iamue.

Mji mmoja, safari mbili

Waadventista wanaufahamu mwaka 457 K.K. kwa sababu ya unabii wa Danieli 9. Ndio mwaka ambao Ezra aliondoka Babeli kwenda Yerusalemu, safari ya miezi minne. Miaka kumi na mitatu baadaye Nehemia alitoka Shushani kwenda mji huohuo, mfalme akiwa yuleyule Artashasta.

Soma Ezra 8:21–23, kisha Nehemia 2:7–9. Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari na wapanda farasi wa kumlinda njiani. Nehemia alisafiri na maakida wa jeshi na wapanda farasi waliotumwa na mfalme, wala hakuona haya. Wote wawili waliomba. Wote wawili walisema waliyofanikiwa yalitoka katika mkono wa Mungu. Biblia haimlaumu hata mmoja wao. Basi anayetaka kuthibitisha kwamba bima ni dhambi, na anayetaka kuthibitisha kwamba kukosa bima ni upumbavu, wote watapata shida mbele ya vitabu hivi viwili.

Hata hivyo, mfano wa Ezra hautumiwi kirahisi. Kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, sababu yake ilikuwa ushuhuda. Alikwisha kumwambia mfalme wa kipagani jinsi Mungu anavyowatunza wanaomtafuta, na heshima ya jina la Mungu ilikuwa mezani. Hakukataa askari ili apunguze gharama. Pili, hakuamua peke yake. Aliwakusanya watu wote kando ya mto Ahava, wakafunga na kuomba kwa ajili yao wenyewe, watoto wao na mali zao. Waliokuwa waingie hatarini waliijua hatari hiyo, nao wakashiriki katika uamuzi. Tatu, katika mafungu ya 24 hadi 34, Ezra huyohuyo aliwapimia makuhani talanta 650 za fedha na talanta 100 za dhahabu, na walipofika Yerusalemu kila kitu kikapimwa tena na kuandikwa. Aliyekataa askari hakukataa mizani.

Baba wa Mwanza akitaka kusafiri kama Ezra, anayo ruhusa. Lakini na ajichunguze: je, anakataa bima kwa ajili ya ushuhuda, au ni kwa ajili ya bei? Na je, bibi, ambaye presha ni yake, ameshaulizwa?

"Ndugu wapo"

Watu wengi hufikiri bima ya safari ni ya mabegi yaliyopotea. Mabegi yamo, na safari iliyoahirishwa kwa ugonjwa mara nyingi imo. Lakini sehemu nzito ni nyingine: matibabu ya dharura ugenini, kumsafirisha mgonjwa arudi nyumbani, na, ikifikia hapo, kuurudisha mwili wa marehemu. Mgeni anapofikishwa katika hospitali binafsi ya nchi nyingine, mara nyingi huulizwa kwanza ni nani atakayelipa.

Kila kanisa mahalia linajua kinachofuata pale jibu linapokosekana. Ujumbe unaingia katika kundi la simu usiku. Mweka hazina wa muda anateuliwa. Orodha ya majina na ahadi inaanza kurefuka. Mjane anayeuza dagaa anaandika shilingi elfu kumi. Kijana wa bodaboda anaandika elfu tano, na siku hiyo anaahirisha kununua tairi. Hakuna anayelalamika, kwa kuwa Wagalatia 6:2 inawaagiza waamini wabebeane mizigo, nao wanatii.

Mchango huo ni jambo jema. Ndio bima ya wazee wetu, na umewavusha wengi ambao hakuna kampuni ingewakubali. Lakini mafungu matatu tu mbele yake, katika Wagalatia 6:5, Paulo anasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Mafungu haya mawili hayapingani. Kuna mzigo unaomwangukia mtu asiyekuwa na namna ya kujiandaa, na huo ni wa wote. Kuna mzigo ambao mtu angeweza kuubeba mapema kwa sehemu ya fedha aliyokuwa nayo mkononi, akachagua kutoubeba. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa begani kwa mwingine huonekana mwepesi.

Hapa ndipo maneno ya baba yanahitaji kupimwa. Alidhani anasema, "Namwachia Mungu." Lakini alipoulizwa ni nani atalipa, hakumtaja Mungu. Alitaja ndugu na kanisa. Ni kweli Mungu hutumia ndugu. Ila ndugu hao hawakuulizwa wakati familia ilipokuwa ikipanga siku za kukaa ufukweni.

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwisraeli aliyejenga nyumba mpya aliagizwa kuweka ukingo kuzunguka dari, kwa sababu watu walipanda juu na kukaa. Mwenye nyumba aliyezoea dari yake angeweza kutembea hata gizani bila kuanguka. Ukingo uliwekwa pia kwa ajili ya mgeni na mtoto wa jirani, na Mungu alimhesabia mwenye nyumba damu ya mtu ambaye angeanguka. Hakuna aliyemwambia kwamba kujenga ukingo ni kukosa imani katika malaika.

Soma pia Matendo 27:21–44. Paulo alikuwa na ahadi iliyo wazi kwamba hakuna hata mmoja kati ya watu 276 merikebuni ambaye angepotea. Lakini mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, hakusema, "Waacheni, ahadi tunayo." Alimwambia akida kwamba bila mabaharia hao wao hawataokoka. Ahadi ya Mungu haikuwaondolea kazi mabaharia. Wengine walifika pwani wakiogelea, wengine juu ya mbao.

Tahadhari moja inahitajika. Yesu alikataa kujirusha kutoka juu ya hekalu (Mathayo 4:5–7), na wengine hutumia fungu hilo kumhukumu kila asafiriye bila bima. Hilo si haki. Mama anayepanda basi usiku kumwahisha mtoto hospitali ya mkoa, akiwa na nauli tu, hamjaribu Mungu. Ametumia alichonacho. Somo hili linamhusu mwenye uwezo wa kuchagua.

Swali la presha

Mama anapochukua fomu ya bima, anakutana na jambo ambalo hakulitarajia. Fomu inauliza kama kati ya wasafiri yupo mwenye ugonjwa aliokuwa nao kabla ya safari. Wakala anainama na kusema kwa sauti ya chini, "Andika hapana, mama. Ukiandika ndiyo, bei inapanda."

Bima imejengwa juu ya ukweli wa anayeomba kukatiwa. Mwaka 1766, katika kesi ya Carter na Boehm, jaji wa Uingereza Lord Mansfield alieleza sababu yake: anayetaka bima ndiye anayejua hali yake, na mwenye kutoa bima humtegemea aiseme. Kampuni ikigundua baadaye kwamba ugonjwa ulifichwa, inaweza kukataa kulipa, na familia iliyodhani imejikinga itajikuta haina kitu. Lakini kwa mwamini hiyo si sababu ya kwanza. Sababu ya kwanza ni Kutoka 20:16. Sababu ya pili ni kwamba fidia hutoka katika ada za wasafiri wengine, watu wasiojulikana, ambao nao wana watoto na wazazi. Anayedanganya kwenye fomu anachukua kutoka kwao asichokilipia.

Mtu anaweza basi kukosa imani kwa njia mbili: kwa kukataa bima kwa uvivu akiita uvivu huo imani, na kwa kununua bima kwa uongo akiita uongo huo busara.

Onyo la mwaka 1867

Ndugu wengine watakumbusha kwamba mwaka 1867 Ellen G. White aliandika ushuhuda wa kuwaonya washika-Sabato juu ya bima ya maisha. Wana haki ya kukumbusha. Alihofu kwamba waamini wangehamishia tumaini lao kwenye mipango ya dunia badala ya Mungu aliyewaita. Ushuhuda huo ulihusu bima ya maisha. Kanisa lenyewe halikuuelewa kama katazo la kila kinga. Tangu mwaka 1936 lina taasisi yake ya kushughulikia bima, ambayo leo huitwa Adventist Risk Management.

Lakini hofu iliyomo katika onyo hilo haijazeeka. Kuna msafiri ambaye, akishatia hati ya bima mfukoni, haombi tena. Kuna anayejihesabu salama kwa sababu amelipa. Yakobo 4:13–15 inamhusu huyo: haijui kesho yake, na karatasi haimwongezei siku hata moja. Bima hailindi mshipa wa moyo usipasuke. Inasema tu ni nani atakayelipa ukipasuka. Anayejua tofauti hiyo anaweza kuinunua na bado akapiga magoti.

Uamuzi wa familia

Jioni hiyo baba anampigia simu kaka yake mkubwa, Tarime. "Kaka, mama akiugua huko tuendako, tutafanyaje?" Kaka ananyamaza kidogo, kisha anajibu, "Mdogo wangu, tutauza ng'ombe. Tutafanya nini kingine?" Baba anawajua ng'ombe hao. Ndiyo ada ya chuo ya mtoto wa kaka.

Kisha wanakaa na bibi na kumweleza yote. Bibi anasikiliza mpaka mwisho. "Mimi siogopi kufa," anasema. "Ila sitaki mniuzie ng'ombe za watu."

Kesho yake mama anajaza fomu na kuandika ndiyo penye swali la presha. Bei inapanda, kama wakala alivyosema. Anausoma mkataba mpaka kwenye mambo yasiyofidiwa, anauliza kama presha ya bibi imekubaliwa kwa maandishi, na ananakili namba ya simu ya dharura. Ili fedha itoshe, siku mbili za likizo zinapunguzwa, na watoto wananuna. Asubuhi ya safari wanasimama mlangoni, mabegi yakiwa chini, na bibi ndiye anayeomba.

Maswali ya kujadili

1. Linganisha tena Ezra 8:22 na Nehemia 2:9. Ni katika hali gani leo kukataa kinga ya kibinadamu kunaweza kuwa ushuhuda wa kweli? Ni katika hali gani ni kisingizio?

2. Katika kanisa lenu, mchango wa dharura ukiitishwa, ni nani huumia zaidi kuutoa? Jibu hilo linabadilishaje namna mnavyopanga safari zenu?

3. Mshiriki asiye na uwezo wa kununua bima anaalikwa kwenye harusi ya mwanawe nchi ya mbali. Kanisa limshauri nini, na liwe tayari kufanya nini?

4. Je, umewahi kusema "namwachia Mungu" wakati ulikuwa ukimwachia mtu mwingine? Ni nani huyo, na unadaiwa kumwambia nini?