Sahani Hairudi Tupu

Kwetu Chumbi, sahani ya jirani hairudi tupu. Mama akipeleka wali nyumba ya pili, huufunika kwa kawa la ukindu lenye rangi nyekundu na zambarau, alilolisuka mwenyewe. Baada ya siku mbili tatu sahani hurudi na embe, au kipande cha samaki. Nilikua nikiamini kwamba huo ndio ukarimu uliokamilika.

Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba ya bonde la Rufiji. Jirani yetu mmoja, mjane, akaacha kupokea sahani. "Tumeshakula," alisema mlangoni, na jikoni kwake hapakufuka moshi tangu asubuhi. Chakula alikitaka, deni ndilo lililomshinda.

Nilimkumbuka niliposoma habari za majokofu ya mtaani. Mwaka 2015, katika mji wa Galdakao, Hispania, liliwekwa jokofu barabarani: mwenye ziada aweke, mwenye njaa achukue. Mwaka 2020, wakati wa korona, majokofu ya namna hiyo yalienea New York, na wasanii wakayapamba kwa rangi. Huulizwi jina. Huna sahani ya kurudisha.

Je, msaada wa asiyekujua ni bora kuliko wa jirani? Jokofu humpa mchukuaji sitara, na sitara si jambo dogo. Lakini jokofu halijui kwamba leo hukutokea. Ukiugua, halitakuja kupiga hodi. Jirani atakuja, ila huyo anayekujua ndiye pia anayeweza kukuaibisha.

Siku moja mama alifunga wali kwenye jani la mgomba, akamtuma mdogo wangu: "Mwambie bibi, mama kapika mwingi, utachacha." Jani halirudishwi. Bibi alipokea.

Wali haukuwa mwingi. Usiku ule tulilala nusu shibe, nami nikajiuliza kama mama alikosea kusema uongo. Sasa naona maneno yake yalifanya kazi ya zile rangi za jokofu: yalimwambia mpokeaji kwamba hapa hakuna ombaomba.

Mpunga ulipovunwa tena, bibi alikuja na sahani iliyofunikwa kawa. Mama aliipokea kwa mikono miwili, wala hakusema "usijisumbue". Kumsitiri mtu ni nusu ya wema. Nusu nyingine ni kumwachia zamu yake ya kutoa.