Kibubu cha Mtoto ni Mali ya Nani?

Nyumba nyingi za pwani, na za bara pia, zakijua kibubu: chombo kidogo cha udongo, cha mviringo kama boga, kisicho na mlango wala kifuniko, ila ufa mwembamba wa kupitishia sarafu. Jina lake lina neno bubu ndani yake, nalo lakifaa, kwa maana hupokea pasipo kusema, wala hakirudishi kitu mpaka kivunjwe. Siku hizi viko vya mbao, vya bati na vya plastiki, lakini kazi yake haikubadilika.

Desturi hii ni ya kale. Katika magofu ya Priene, mji wa Wayunani uliokuwa katika nchi iitwayo leo Uturuki, kilipatikana kibubu cha udongo chenye umbo la hekalu, na umri wake wapita miaka 2,000. Kisiwani Java watu walifinyanga vibubu vya umbo la nguruwe tangu karne ya 14 au ya 15. Huko Uingereza, katika karne ya 18 na ya 19, wafinyanzi walitengeneza vibubu mfano wa nyumba, au kuku na vifaranga vyake, ili mtoto apewe zawadi. Na mara nyingine waliandika juu ya udongo jina la mtoto pamoja na mwaka. Jambo hili la jina ndilo lililotufanya tuandike leo. Mtu aliyeagiza jina la mwanawe liandikwe juu ya chombo alitangaza kwa watu wote wa nyumba, na kwanza kwa nafsi yake mwenyewe, ya kuwa yaliyomo ndani si ya baba, si ya mama, bali ya mtoto huyo.

Je, sisi twalishika tangazo hilo?

Tuchukue mfano. Tuseme yupo mtoto wa Kiuyu, kule kaskazini ya kisiwa cha Pemba. Wengi wa watu wa huko ni ndugu zetu Waislamu, na neno tusemalo halichagui dini; mtoto huyu aweza kuwa wa jirani yetu au wetu. Msimu wa karafuu ukifika, naye ametoka shule, huokota mpeta, yaani karafuu zilizoanguka chini ya mikarafuu, akalipwa kidogo. Mama yake alimaye mwani humpa sarafu siku ya kuuza. Siku ya sikukuu wajomba nao hawamsahau. Zote zaingia katika kibubu, moja moja, na kila jioni mtoto hukiinua akapima uzito wake kwa mikono miwili.

Basi usiku mmoja baba ana haja ya fedha. Hakivunji kibubu, la. Akiinamisha, anapenyeza kisu chembamba katika ule ufa, na sarafu zateleza juu ya bapa la kisu moja baada ya moja. Wengi wetu twaijua ufundi huu kuliko tunavyopenda kukiri. Asubuhi chombo kiko mahali pake, kizima, hakina alama. Lakini siku ile mtoto atakapokitikisa, yule bubu atasema.

Wako wazazi watakaocheka wakisoma haya. Watasema: mtoto mwenyewe ni wangu, mimi namlisha na kumvisha, vipi basi nisichukue shilingi zake? Twawajibu kwamba chakula na nguo si mkopo aliopewa mtoto. Hayo ni wajibu wa mzazi mbele ya Mungu, wala hayalipwi kwa siri usiku. Amri ya saba haikuweka kando mali ya wadogo. Naye Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakolosai, aliwakataza akina baba kuwatendea watoto wao kwa namna ya kuwakatisha tamaa. Mtoto aliyekuta kibubu kitupu hakupoteza shilingi tu. Amejifunza ya kuwa kuweka akiba ni ujinga, na ya kuwa neno la mkubwa lina tundu chini yake. Akiisha kukua na kukabidhiwa fedha ya ushirika au ya parokia, tusishangae kisu kile kikionekana tena.

Walakini twajua shida za watu. Ugonjwa waweza kuingia nyumbani usiku, na fedha ya nauli ya hospitali haipo ila katika kibubu. Hapo uhai ni mkubwa kuliko akiba, wala hakuna mwenye haki atakayemlaumu mzazi. Lakini mtoto aamshwe, aelezwe, akivunje kwa mkono wake mwenyewe, na deni lihesabiwe kuwa deni. Mtoto aliyeombwa hivyo huwa ametoa. Yule aliyefichwa huwa ameibiwa, ingawa fedha ni zilezile na mgonjwa ni yuleyule.

Hatusemi kwamba akiba ikae daima. Katika kisiwa hichohicho cha Pemba, mahali paitwapo Mtambwe Mkuu, karibu na Wete, zilichimbuliwa mwaka 1984 sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu. Zilifukiwa ardhini yapata miaka 900 iliyopita au zaidi, na mwenyewe hakurudi kuzichukua. Wataalamu wamefaidika sana nazo. Yeye hakufaidika, wala maskini wa siku zake. Tukizitazama twamkumbuka yule tajiri wa Injili ya Luka aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi, na usiku uleule akaitwa.

Kibubu basi hufinyangwa ili kivunjwe, na Kanisa letu la Afrika ya Mashariki lina deni kwa vitu kama hivyo. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha Shirika la Utoto Mtakatifu, akiwaomba watoto sala fupi kila siku na sarafu ndogo kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wa mbali. Wamisionari walipofika Unguja mwaka 1860, na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1863, kisha Bagamoyo mwaka 1868, soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi, hata lilipofungwa mwaka 1873. Fedha za shirika hilo zilikuwa miongoni mwa zile zilizotumika kuwakomboa na kuwalea watoto waliouzwa. Mtoto wa Ufaransa asiyeweza hata kuitaja Bagamoyo alikuwa ameacha peremende yake.

Hata hivyo sadaka ya mtoto isilazimishwe. Mzazi anayemnyang'anya mwanawe ili ampeleke kanisani akiwa na noti nzuri hajamfundisha ukarimu. Amejipamba mwenyewe kwa mali ya mwingine. Mwelezeni mtoto, mwonyesheni jirani mwenye shida, kisha mngoje.

Na wewe uliyekwisha kupenyeza kisu, rudisha juma hili, mchana, mtoto akitazama. Kama huna zote, anza na ulizo nazo, ukamtajia siku utakayomaliza.