Kidole cha Bibi kwenye Ufizi

Bibi yangu alikuwa Mlutheri wa Gonja tangu utotoni. Hata hivyo, kila mjukuu alipokaribia kuota meno, alinawa mkono, akampakata penye mwanga wa mlango, akaingiza kidole na kupapasa ufizi wa chini polepole, huku midomo yake ikichezacheza kwa sala. Aliomba jino lianzie chini.

Waliokulia Upareni wanajua kwa nini. Mtoto aliyetanguliza meno ya juu aliitwa kigego, mkosi kwa ukoo mzima. Kule Mbaga upo mwamba wa Malameni, na wenyeji husimulia kwamba watoto wa namna hiyo walitupwa hapo hadi miaka ya 1930. Siamini kwamba waliowapeleka walikuwa makatili. Walikuwa wazazi waliolikuta neno limeshatamkwa, wakalitii huku wakilia. Tanzia huanzia hapo hasa, kwa watu wema.

Sofokile, mtunzi wa tamthilia wa Ugiriki ya kale, aliyajua haya. Tangu 1971, S. S. Mushi alipotupatia tafsiri ya *Mfalme Edipode*, tunaweza kuyasoma kwa Kiswahili. Mtoto anatabiriwa kwamba atamuua baba yake. Anatobolewa miguu, anakabidhiwa mchungaji amtupe mlimani. Mchungaji anaona huruma, anampa mwenzake, na mtoto analelewa Korintho, mji uleule ambao baadaye Paulo aliuandikia nyaraka. Huruma ile ndiyo inayotimiza utabiri. Laiti mchungaji angekuwa na moyo mgumu, Edipode asingemuua baba wala kumwoa mama. Nikifika hapo hufunga kitabu kwanza.

Musa naye alitengwa akiwa mchanga, ndani ya kisafina kilichopakwa lami, dada yake akichungulia kwa mbali. Binti Farao akamhurumia, na huruma hiyo ikaokoa taifa. Wamisionari walipoleta kisa hiki Upareni, mmoja wao, Jakob Dannholz, aliishi Mbaga kwenyewe, na mwaka 1916 kitabu chake juu ya imani za Wasu, yaani Wapare, kikachapishwa. Watu waliomsikia hawakuhitaji kuelezwa kutupa mtoto ni nini.

Ni rahisi basi kusema kwamba Wagiriki walifungwa na majaliwa na Biblia ikawafungua. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa miaka mingi, nikimtaja Yona: Ninawi ilipewa siku arobaini, watu wakatubu, hukumu ikafutwa. Lakini Waamuzi sura ya 11 inanikatalia. Yefta anaweka nadhiri kwamba atakayetoka kwanza mlangoni kumlaki atakuwa sadaka. Anatoka binti yake wa pekee, na matari, akicheza. Baba anararua mavazi, anasema ameshafumbua kinywa na hawezi kurudi nyuma. Binti anaomba miezi miwili akaulilie ubikira wake milimani. Hakuna malaika, hakuna kondoo kichakani kama kwa Ibrahimu. Na kwa Euripide, mtunzi mwingine wa Kigiriki, Agamemnoni anapomtoa binti yake Ifigenia ili merikebu zipate upepo, mwisho tunaambiwa kwamba aliyekutwa madhabahuni ni paa. Wagiriki wamepewa paa, sisi wasomaji wa Biblia tumeachiwa binti wa Yefta.

Kwa hiyo mpaka haupiti kati ya Athene na Yerusalemu. Unapita kati ya neno linaloweza kurudishwa na neno ambalo mwenyewe ameapa kutolirudisha, na unapita ndani ya kila kitabu, ndani ya kila nyumba. Yefta aliogopa kuvunja neno kuliko kumpoteza mtoto, akadhani kuogopa huko ni imani.

Mdogo wangu alipoanza kuota meno, nilikuwa nimesimama kando. Kidole cha bibi kilipapasa chini, kikapanda juu, kikasimama. Kilikaa hapo muda mrefu. Kisha akakitoa, akakipangusia kwenye kanga, akamfumba mtoto mdomo kwa kiganja na kumgeukia mama.

“La chini, mwanangu,” akasema. “Limeanza la chini.”