Haki ya Kuota Jua

Mtu wa pwani hujenga kwa kulikimbia jua. Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ilijengwa hivyo: kuta nene za mawe na chokaa, vichochoro vyembamba ambamo nyumba hutiliana kivuli, madirisha yanayotafuta upepo. Johannesburg inadai akili nyingine. Mji uko kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai mbingu huwa safi wiki baada ya wiki. Mchana jua linawaka. Likizama tu, baridi inaingia mifupani, na kuna alfajiri ambazo majani huamka yameganda jalidi. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam au Bukavu akapanga chumba Yeoville kinachotazama kusini hulijua jambo hili kabla ya kuelezwa. Mchana mzima anaona jua nje, na ndani amevaa koti.

Johannesburg iko nyuzi 26 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la msimu wa baridi hupita upande wa kaskazini, tena chini. Saa sita mchana katikati ya Juni huwa limepanda nyuzi 40 tu. Desemba linakaribia utosini. Madalali wanalifahamu hilo vizuri, ndiyo maana matangazo ya nyumba hutaja kwamba sebule inatazama kaskazini. Msanifu mzuri naye hulitumia paa lilelile kwa kazi mbili. Chukua sebule yenye dirisha pana la kaskazini, ukingo wake wa juu ukiwa mita 2.1 kutoka sakafuni. Paa litokeze sentimita 60, likae nusu mita juu ya kioo. Mchana wa Desemba kioo chote kiko kivulini. Juni jua linapita chini ya paa na kujitandaza sakafuni karibu mita mbili na nusu ndani ya chumba. Sakafu ikiwa ya saruji au vigae, bila zulia, hunywa joto hilo mchana kutwa, kisha hulitoa polepole jioni watoto wanapokula. Bili ya joto hilo hailetwi na mtu. Kilichotakiwa ni kujua kaskazini iko wapi kabla msingi haujachimbwa.

Matajiri wa mji huu walilijua mapema. Dhahabu ilitangazwa mwaka 1886, na kuanzia miaka ya 1890 wenye migodi walihamia Parktown, upande wa pili wa kilima, kwenye mteremko unaotazama kaskazini, mbali na vumbi la machimbo. Mwaka 1902 msanifu Herbert Baker alijijengea hapo nyumba yake, Stonehouse, kwa mawe ya kilima kilekile. Ndiye aliyekuja kuchora jumba la gavana wa kikoloni jijini Nairobi, ambalo leo ni Ikulu. Mkono wake naukubali. Dola aliyoitumikia siikubali. Wala hakuwa wa kwanza kujenga kwa mawe ya mahali alipo. Karne kadhaa kabla yake, wafugaji na wakulima wa Kitswana walikuwa wamezungushia maboma yao kuta za mawe katika vilima vya Klipriviersberg, kusini mwa mji.

Huko kusini ndiko serikali ya ubaguzi ilikowapeleka wafanyakazi. Nyumba ya Soweto ya miaka ya 1950, ile iliyopewa namba 51/6, ilikuwa na vyumba vinne katika mita 40 hivi za mraba. Nyumba hizo zilipangwa safu kwa safu kufuata barabara, na jua halikuulizwa. Ndani hakukuwa na dari, joto la mchana lilitokea paani, na familia zikawasha majiko ya makaa ya mawe hadi moshi ukafunika mitaa jioni za baridi. Baada ya 1994 serikali mpya ilijenga nyumba nyingi mno kwa wasio na uwezo, na hilo ni jambo kubwa; lakini kwa miaka mingi zilikuwa vilevile, ndogo, za safu, bila dari.

Hapa ndipo ninaposhindwa kunyamaza. Kuigeuza nyumba kwenye karatasi hakuongezi tofali hata moja. Barabara za mtaa zikinyooshwa mashariki kwenda magharibi, kila kiwanja kinapata upande wa kaskazini, na kazi hiyo inaishia kwa mpima ardhi kabla fundi hajaitwa. Basi kwa nini maarifa haya yaonekane anasa ya mwenye kumlipa msanifu amchoree nyumba yake peke yake?

Kanuni za ujenzi zilizoanza mwaka 2011 zimesogea mbele. Zinataka, pamoja na mengine, angalau nusu ya maji moto ya nyumba mpya yasichemshwe kwa hita ya kawaida ya umeme. Mgao wa umeme nao umewafanya wenye fedha wafunike mapaa kwa paneli za sola. Sizipingi. Ila paneli juu ya nyumba iliyolipa jua kisogo ni dawa ya ugonjwa ambao penseli ingeuzuia.

Tena jua la mtu linaweza kuporwa. Viwanja vinakatwa, ghorofa zinapanda, vyumba vya kupangisha vinaongezwa uani. Mchana wa katikati ya Juni ukuta wa mita 6 hutupa kivuli cha mita 7 kuelekea kusini, na mita hizo mara nyingi zinatosha kufika dirisha la jirani. Kwa hiyo unayejenga sasa, ukiwa na mke au mume na msanifu mezani, mtake aichore pia nyumba iliyo kusini mwenu, kisha akuonyesheni kivuli chenu cha Juni kinaangukia chumba gani cha watu wale, wakati ghorofa bado inaweza kushushwa au kusogezwa.