Kaeni Kibandani Kwanza

Wanangu wa mtaa wetu wa Kabiro, jambo hili nimelisema hadi koo limekauka. Nitalirudia, kwa kuwa kuwanyamazia kungenichosha zaidi.

Mwaka 2005, Safaricom na Vodafone walifanya majaribio ya mtambo Nairobi na Thika, pamoja na shirika la mikopo la Faulu. Mtambo ulikusudiwa mkopaji alipie deni lake kwa simu. Basi. Lakini waliopewa wakaupeleka walikotaka wao: huyu anamtumia mwenziwe pesa, yule anaweka pesa kabla ya safari ili azitoe afikapo. Wenye mtambo hawakuwakemea. Walitazama, wakapunguza makuu yao, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kwa kazi ya kutuma pesa nyumbani. Na fedha za serikali ya Uingereza zilikuwamo, kwa hiyo msiniwekee mdomoni kwamba ufadhili ni haramu.

Ninyi mnaanza na ufadhili. Mnapanda matatu kwenda kwenye mashindano ya programu Ngong Road, mnarudi na fulana, picha na cheti. Programu yenyewe, jirani hajawahi kuiona.

Tazameni kampuni ya Kune: ilikusanya dola milioni 1 mwaka 2021 ili iwauzie watu wa Nairobi chakula cha bei nafuu. Juni 2022 ikafunga: vyakula vimepanda bei, fedha mpya hazipatikani. Vyakula viliwapandia wenye vibanda pia, na hapa kwetu bado wanapika.

Mama mboga wenu ana daftari la madeni. Anajua nani analipwa Jumamosi kwenye mjengo kule Lavington, nani amehama usiku, nani apewe sukuma bila maswali kwa kuwa mtoto wake mgonjwa. Hakuna simu inayojua hayo. Nendeni mkakae naye jioni watu wanapotoka kazini, mkiwa na kalamu tu, hadi mjue pesa yake inavujia wapi. Kisha mtengenezeeni kitu kimoja kidogo, na mmtoze tangu siku ya kwanza, hata shilingi kumi. Asipolipa, msiseme hajaelimika. Rudini mkaulize upya.

Akishalipa kwa hiari yake mwezi hadi mwezi, njooni tuzungumze habari za wafadhili. Kabla ya hapo, tafadhali, msiniombe tena barua ya kuwatambulisha.